Namna ya kusoma bei za Ujerumani za 1914 hadi 1924 bila kupotelea kwenye sifuri

Barua ya gramu 20 iliyotoka mji mmoja wa Ujerumani kwenda mwingine mwaka 1914 ililipiwa pfenigi 10 (pfenigi 100 ni marki 1). Tarehe 1 Oktoba 1923 barua ya uzito huohuo ilidai stempu za marki milioni 2. Mwanafunzi akiyaona haya huandika kwamba gharama ya posta ilipanda mara milioni 20, kisha anahamia aya nyingine. Ukigawanya utapata jibu hilohilo. Lakini kwa thamani halisi barua ilikuwa imeshuka bei: siku hiyo ilikuwa sawa na pfenigi 3 na nusu za zamani, na mwezi mmoja baadaye haikufika hata theluthi ya pfenigi. Posta ya serikali ilisafirisha barua karibu bure, na pengo lake likazibwa kwa noti mpya.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye na karatasi ya kipindi hicho mbele yake: stakabadhi, barua yenye stempu, hati ya mshahara, mkataba wa rehani, gazeti. Lengo ni kuitoa kwenye karatasi hiyo maana yake ya kiuchumi na ya kijamii, badala ya kuushangaa wingi wa sifuri.

Anza na tarehe, tena siku yenyewe

Kabla hujagusa namba, tafuta siku. Kwa miaka ya 1914 hadi 1918 mwaka unatosha. Kuanzia 1919 hadi katikati ya 1922, tafuta mwezi. Kuanzia Julai 1922 hadi Julai 1923, jitahidi upate wiki. Kuanzia Agosti hadi tarehe 20 Novemba 1923, karatasi isiyo na siku haifai kwa hesabu yoyote ya thamani. Itumie kama ushahidi wa mambo mengine.

Hivi ndivyo dola moja ya Marekani ilivyonunuliwa, kwa wastani wa mwezi:

- kabla ya vita, 1914: marki 4.20
- Novemba 1918: 7.43
- Juni 1919: 14
- Februari 1920: 99
- Juni 1920: 39
- Julai 1921: 77
- Novemba 1921: 263
- Julai 1922: 493
- Desemba 1922: 7,589
- Januari 1923: 17,972
- Julai 1923: 353,412
- Agosti 1923: milioni 4.6
- Septemba 1923: milioni 98.9
- Oktoba 1923: bilioni 25.26

Angalia Februari na Juni 1920. Marki haikuporomoka moja kwa moja. Kuna wakati ilipanda, na tangu hapo hadi katikati ya 1921 ilitulia kiasi. Aliyeshuhudia miezi ile hakujua kwamba 1923 inakuja. Wapo waliouza dola zao na kushika marki wakiamini kwamba mabaya yamekwisha. Vivyo hivyo kati ya Februari na katikati ya Aprili 1923, Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, ilitumia akiba yake kuishikilia dola karibu na marki 21,000. Tarehe 18 Aprili kizuizi kikavunjika.

Sasa mtego wa wastani. Chukua ile barua ya tarehe 1 Oktoba. Dola siku hiyo ilikuwa marki milioni 242. Ukitumia kiwango hicho unapata pfenigi 3.5. Ukitumia wastani wa Oktoba, bilioni 25.26, unapata pfenigi 0.03. Umekosea mara mia moja na zaidi, ilhali namba zote mbili ulizichukua kwenye majedwali sahihi. Wastani wa mwezi ule umevutwa na siku zake za mwisho. Kwa Oktoba na Novemba 1923 tumia kiwango cha siku cha Berlin, la sivyo acha kukokotoa. Novemba ilikwenda hivi: tarehe 1, bilioni 130, tarehe 15, trilioni 2.52, tarehe 20, trilioni 4.2, na hapo ikasimamishwa.

Mahali nako kunahesabika. Sehemu za magharibi zilizokuwa chini ya majeshi ya kigeni zilikuwa na soko lao. Huko Köln, tarehe 26 Novemba dola ilifika karibu trilioni 11.7 wakati Berlin ilibaki 4.2.

Pili, hakikisha namba umeisoma kama Mjerumani

Kosa hili huharibu kazi nyingi kuliko yote. Kijerumani kina neno *Milliarde* kwa sifuri 9, na *Billion* kwa sifuri 12. Kwa hiyo *Milliarde* ni bilioni yetu, na *Billion* ni trilioni yetu. Noti iliyoandikwa *100 Billionen Mark* ni ya trilioni 100. Mtu akiitafsiri kwa kufuata sauti ya neno, anapunguza thamani mara elfu moja. Dalili ya kosa ni rahisi kuiona: ukisoma mahali kwamba Rentenmark moja, sarafu mpya ya Novemba 1923, ilibadilishwa na marki bilioni moja, mwandishi ametafsiri kwa sikio. Ilibadilishwa na trilioni moja.

Katika Kijerumani nukta hutenga maelfu, na mkato hutenga desimali. Kwa hiyo 4,20 ni nne na senti ishirini, na 4.200 ni elfu nne na mia mbili.

Tatu, tambua ni marki ipi

Aina nne hukutana kwenye karatasi za kipindi hiki:

- Marki ya dhahabu. Ni kipimo cha kabla ya vita, kilo 1 ya dhahabu safi kwa marki 2,790. Baada ya 1914 ilibaki kwenye hesabu na mikataba, haikuwa mfukoni.
- Marki ya karatasi. Ni marki ileile baada ya tarehe 4 Agosti 1914, sheria ziliposimamisha ubadilishaji wa noti kwa dhahabu. Jina halikubadilika, na hicho ndicho chanzo cha mkanganyiko.
- Rentenmark, kuanzia tarehe 15 Novemba 1923.
- Reichsmark, kwa sheria ya tarehe 30 Agosti 1924. Rentenmark moja, Reichsmark moja na trilioni moja ya karatasi vilihesabiwa sawa.

Karatasi za Desemba 1923 huchanganya. Duka laweza kuandika bei kwa marki za dhahabu, mteja akalipa kwa noti za karatasi, na chenji ikatolewa kwa Rentenmark. Tafuta vifupisho: GM ni dhahabu, RM ni ama Rentenmark ama Reichsmark kulingana na tarehe, na M peke yake kabla ya mwisho wa 1923 kwa kawaida ni karatasi.

Kanuni ya kukokotoa

Zidisha bei kwa 4.2, kisha gawanya kwa kiwango cha dola cha siku hiyo. Jibu ni marki za dhahabu. Zidisha kwa 100 upate pfenigi.

Jaribu kwa nauli ya barua. Tarehe 1 Novemba 1923 ilikuwa marki milioni 100. Milioni 100 mara 4.2, gawanya kwa bilioni 130: marki 0.0032, yaani pfenigi 0.32. Tarehe 15 Novemba nauli ilikuwa bilioni 10 na dola trilioni 2.52: pfenigi 1.7. Tarehe 20 Novemba ilikuwa bilioni 20, dola trilioni 4.2: pfenigi 2. Tarehe 26, bilioni 80: pfenigi 8. Tarehe 1 Desemba, bilioni 100: pfenigi 10 kamili, nauli ya 1914. Ukiziona namba hizo tano mfululizo unaona posta ikirudi kujitegemea ndani ya mwezi mmoja, jambo ambalo namba za karatasi zinalificha kabisa.

Stempu na noti: tarehe iliyochapwa haitoshi

Noti ya Reichsbank hubeba tarehe ya kuidhinishwa, siyo siku iliyoingia sokoni. Noti ya marki 1,000 ya tarehe 15 Desemba 1922 iligongwa kwa wino mwekundu maneno *Eine Milliarde Mark* na kutumika vuli ya 1923. Ukisoma tarehe bila kujua kwamba maneno hayo yaligongwa baadaye, utadhani mtu alibeba bilioni moja kwa Krismasi ya 1922. Noti kubwa kuliko zote, ya trilioni 100, ina tarehe 15 Februari 1924, yaani miezi mitatu baada ya mporomoko kusimamishwa. Ilikuwa na thamani ya Rentenmark 100, tena thamani iliyotulia. Kuitumia kama picha ya kilele cha maafa ni kosa, ingawa vitabu vingi hufanya hivyo.

Wingi wa noti ulipozidi, Reichsbank haikuweza tena kuchapa peke yake. Iliajiri viwanda vya uchapaji 133 vya watu binafsi vyenye mashine 1,783, na vya karatasi zaidi ya 30. Ndiyo maana noti nyingi za mwishoni zimechapwa upande mmoja tu, kwa karatasi hafifu. Ubora duni siyo dalili ya noti bandia.

Noti za dharura, zilizotolewa na miji, viwanda na shirika la reli, zikague kwa maswali matatu: nani ameitoa, inakoma lini, na imeandikwa kwa marki ipi. Zile za rangi nzuri za pfenigi 25, 50 na 75 za miaka 1921 na 1922, zenye picha za hekaya na minara ya mji, nyingi zilichapwa kwa ajili ya wakusanyaji na hazikununua kitu dukani. Za vuli ya 1923 zilizoandikwa kwa sehemu za dola au marki za dhahabu ni habari nyingine: zilitumika kweli, na zinaonyesha watu wakiiacha marki kabla serikali haijaiacha. Mkopo wa dhahabu wa Agosti 1923 ulifanya kazi hiyohiyo, kwa vipande vya dola 1, yaani marki 4.20 za dhahabu, na vidogo zaidi.

Kwenye bahasha, jumlisha stempu zote na ulinganishe na nauli ya siku ya muhuri. Nauli za 1923 kwa barua ya gramu 20 kwenda mji mwingine zilikuwa hizi: 15 Januari, marki 50, 1 Machi, 100, 1 Julai, 300, 1 Agosti, 1,000, 24 Agosti, 20,000, 1 Septemba, 75,000, 20 Septemba, 250,000, 1 Oktoba, milioni 2, 10 Oktoba, milioni 5, 20 Oktoba, milioni 10, 1 Novemba, milioni 100, 5 Novemba, bilioni 1, 12 Novemba, bilioni 10, 20 Novemba, bilioni 20, 26 Novemba, bilioni 80, 1 Desemba, bilioni 100. Barua za ndani ya mji huohuo zilikuwa na nauli ya chini, kwa hiyo soma anwani kwanza.

Jumla ikipungua robo tatu kwenye bahasha ya 26 hadi 30 Novemba, usiseme mtumaji alidanganya. Siku hizo stempu zilihesabiwa mara nne ya thamani iliyochapwa, maana mpya hazikuwahi kufika. Kwa anayenunua: stempu nyingi za kipindi hiki zilizotumika kihalali ni adimu kuliko ambazo hazikutumika, na hivyo wahalifu hugonga mihuri ya uongo. Muhuri wenye tarehe nje ya muda wa nauli hiyo ni ishara ya kwanza ya kuweka pesa yako mfukoni.

Chagua kipimo kinacholingana na swali

Dola siyo kipimo cha kila kitu. Desemba 1922, ukilinganisha na 1913, dola ilikuwa imepanda takriban mara 1,807, bei za jumla mara 1,475, na gharama ya maisha mara 685 tu. Mfanyakazi ambaye mshahara wake uliongezeka mara 685 alikuwa, kwa hesabu ya nyumbani, palepale alipokuwa. Kwa dola alikuwa amebaki na chini ya asilimia 40. Mwenye fedha za kigeni aliiona Ujerumani kama duka lenye punguzo kubwa, na hapo ndipo chuki dhidi ya wageni wanunuzi ilipopata lishe.

Kwa hiyo: madeni, bidhaa za nje na fidia za vita, tumia dola. Biashara ya viwandani, tumia fahirisi (kipimo cha mabadiliko ya bei) ya bei za jumla. Mishahara na pensheni, tumia fahirisi ya gharama ya maisha iliyotolewa na ofisi ya takwimu ya taifa tangu 1920, ila kwa tahadhari moja. Kodi za nyumba zilidhibitiwa, na sheria ya tarehe 24 Machi 1922 ikazibana zaidi, hadi kodi ikawa karibu si kitu. Ndani ya fahirisi, kodi hiyo ndogo inaishusha jumla. Familia isiyolipa kodi kubwa lakini inayohitaji mkate na mafuta ya kupikia iliumia kuliko namba inavyosema. Mwenye nyumba ya kupangisha aliumia zaidi, na fahirisi haimwoni kabisa.

Kwenye hati ya mshahara angalia pia siku ya malipo. Mwaka 1923 malipo ya mwezi yaligeuka ya wiki, kisha mara kadhaa kwa wiki, kisha ya kila siku. Mshahara uliokokotolewa kwa bei za Jumatatu na kulipwa Ijumaa ulikuwa umeliwa njiani. Fanya hesabu mbili, ya siku ya kazi na ya siku ya malipo. Tofauti yake ndiyo hasara ya mfanyakazi.

Madeni: hapa ndipo jamii ilipopinduka

Chukua rehani ya marki 20,000 iliyowekwa 1912. Kwa kiwango cha Julai 1922, deni hilo lina thamani ya marki 170 za dhahabu. Tarehe 1 Oktoba 1923 stempu za barua moja, milioni 2, zingeweza kulipa rehani mia moja za namna hiyo. Sheria ilisema marki ni marki, na mkopeshaji alilazimika kupokea.

Aliyekopa alipona: mkulima mwenye rehani, mwenye kiwanda aliyenunua mitambo kwa mkopo. Hugo Stinnes, mwenye viwanda, ndiye jina linalotajwa zaidi, kwa sababu alikopa marki, akanunua mali na kushika fedha za kigeni. Aliyekopesha aliangamia: mjane mwenye akiba benki, mstaafu, taasisi za hisani na vyuo vilivyoishi kwa riba. Raia waliikopesha serikali takriban marki bilioni 98 kwa mikopo tisa ya vita. Fedha hizo zote, kwa kiwango cha mwisho cha Novemba 1923, zilikuwa sawa na pfenigi 9.8. Mdaiwa mkubwa kuliko wote alikuwa serikali yenyewe, na hilo liwekwe mbele katika maelezo yoyote ya nani alifaidika.

Usikomee hapo, kwani kesi iliendelea. Tarehe 28 Novemba 1923 mahakama kuu ya Ujerumani iliamua kwamba deni la rehani haliwezi kufutwa kwa karatasi zisizo na thamani. Amri ya tarehe 14 Februari 1924 ikaweka asilimia 15. Sheria ya tarehe 16 Julai 1925 ikapandisha hadi 25, kwa hiyo rehani yetu ya 20,000 ikarudi kuwa Reichsmark 5,000. Hati za serikali zilipata asilimia 2.5 tu, waliozishika mfululizo tangu kabla ya Julai 1920 waliingizwa kwenye bahati nasibu iliyoweza kuwapa hadi asilimia 12.5. Uchungu wa watu wa tabaka la kati ulitokana na sheria hizi kama ulivyotokana na mporomoko wenyewe: aliyekuwa mzalendo na kuikopesha serikali alipata kidogo kuliko aliyemkopesha jirani.

Sababu zipangwe kwa tarehe

Ukiandika sababu, ziweke pembeni ya jedwali la dola. Mkataba wa amani wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni 1919, marki ikiwa tayari imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya thamani. Hasara hiyo ni ya vita vilivyolipiwa kwa mikopo badala ya kodi. Mei 1921 fidia ambazo Ujerumani iliwadaiwa na washindi wa vita ziliwekwa kuwa bilioni 132 za marki za dhahabu, na baada yake dola inaruka kutoka 77 hadi 263. Tarehe 24 Juni 1922 Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, anauawa. Imani ya wenye fedha inavunjika, na dola inaondoka kwenye mamia kwenda maelfu. Tarehe 11 Januari 1923 majeshi ya Ufaransa na Ubelgiji yanaingia Ruhr, eneo la viwanda la magharibi. Serikali ya chansela Wilhelm Cuno inawalipa wafanyakazi wagome, kwa noti. Gustav Stresemann, chansela aliyemfuata, anausitisha mgomo tarehe 26 Septemba.

Kuhusu tiba, Rentenmark mara nyingi huelezwa kama muujiza wa dhamana ya ardhi. Hakuna aliyeweza kwenda kudai kipande cha shamba kwa noti yake. Kilichofanya kazi ni mipaka: jumla isizidi bilioni 2.4, serikali ikopeshwe bilioni 1.2 basi, na kuanzia tarehe 15 Novemba Reichsbank ikaacha kununua hati za hazina. Hjalmar Schacht, kamishna wa sarafu, aliishikilia dola kwenye trilioni 4.2 na kukataa noti za dharura. Gharama yake ya kijamii ina tarehe pia: amri ya tarehe 27 Oktoba 1923 ya kupunguza watumishi wa umma, na asilimia 28 ya wanachama wa vyama vya wafanyakazi bila kazi mwezi Desemba.

Usiruke kutoka 1923 hadi 1933

Sentensi inayosema mfumuko wa bei ulimleta Hitler madarakani inaruka miaka 9. Mei 1928 chama chake kilipata asilimia 2.6 ya kura. Septemba 1930 kilipata 18.3, na Julai 1932 kilipata 37.3. Kati ya tarehe hizo bei hazikuwa zikipanda, zilikuwa zikishuka. Chansela Heinrich Brüning alikata matumizi, na amri ya tarehe 8 Desemba 1931 ikarudisha mishahara kwenye viwango vya Januari 1927. Februari 1932 waliosajiliwa bila kazi walipita milioni 6. Kumbukumbu ya 1923 iliingia kwa mlango mwingine: iliwafanya watawala waogope kuchapa noti hata pale ambapo tatizo lilikuwa uhaba wa fedha. Kwa karatasi za miaka hiyo jedwali la dola la hapo juu halihusiki. Reichsmark isome kama ilivyoandikwa, na ulinganishe mshahara na bei ya mwezi huohuo.